Hamna, Hakuna, Hapana

Al-Khuwair, ghorofa ya nne, Julai.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kopo la rangi.
Saa tano ya usiku, na lami huko chini
bado inarudisha joto la mchana, haijamaliza deni.
Mbele yangu kifungu cha saba, aya ya pili,
maneno saba tuliyoyabishania tangu Shaabani:

*Swali lisipopata kitu, jibu sharti liwe tupu.*

Tupu ipi?

Aliyeuliza hatumjui uso.
Karani wa bandari ya Sohar, ametia sahihi kh. n.,
si mjumbe, wala hakualikwa.
Rasimu iko wazi, haina bawabu,
akaingia na kontena lake:
"Nimeuliza uzito, nimejibiwa tupu.
Halijapimwa? Limepimwa, ndani hamna mzigo?
Au kontena lenyewe halijafika gatini?
Kreni inaningoja mimi."

Tukacheka kidogo.
Kisha hakuna aliyecheka.

Thuwaini alitaka kila msanifu ajiamulie.
Mahnaz, kutoka Matrah, akamkata:
kila mtu akijiamulia, hiyo si lugha, ni mnada.
Yaqub wa Kuwait hakusema lolote siku mbili,
alikuwa akihesabu. Akarudi na hesabu yake:
maswali ya zamani, yaliyoandikwa na watu waliokwishastaafu,
yanayojiendesha alfajiri katika maghala ya dawa na mabenki,
hakuna anayekumbuka yamo wapi,
yote yanaitegemea ile tupu moja, mbovu, iliyozoeleka.
"Ukuta huu umepinda," akasema,
"lakini kuna watu wameuegemezea vitanda."

Alhamisi nikaenda Sib kwa mama.
Kiswahili chake alinipa jikoni,
katikati ya kelele za sufuria, bila somo la kwanza wala la pili.
Nikauliza, mama, sukari?
Hakugeuka.
"Mkebeni hamna. Kwa Malabari hakuna tangu jana.
Na hapo mezani unapopapasa, hapana, usijisumbue."

Nikabaki na kijiko mkononi.
Tupu tatu, pumzi moja,
bila kamati, bila kura, bila tanbihi.
Ndani. Kote. Papo hapo.
Nimezisema maisha yangu yote
kama mtu anayepita mlangoni bila kuutazama mlango.

Usiku ule nikaandika pendekezo, kurasa tisa.
Nikaeleza kontena, nikaeleza mkebe,
nikaufuta mkebe (wangesema ni mambo ya nyumbani),
nikaurudisha.

Haikuwa ushindi. Isidhaniwe hivyo.
Wiki sita za "naafiki, ila".
Walikubali mbili. Ya tatu, wakasema, itawachosha watu;
hapana yangu ikapelekwa kiambatisho cha nne,
herufi ndogo, pamoja na mengine yanayongoja toleo lijalo
na mtu mwingine mwenye kreni inayongoja.
Na *sharti* likashushwa cheo likawa *yafaa*,
ili maswali ya wastaafu yaendelee kulala.
Tofauti ya herufi mbili tatu tu,
lakini humo nimeona malori yakipita.
Tupu ya zamani haikufutwa. Pembeni yake tuliandika:
*inaruhusiwa, isifundishwe.*

Mahnaz alinipigia simu, akauliza neno lile la mwisho
linatamkwaje. Hapana, nikamwambia.
Akadhani nakataa.

Leo toleo la tatu limetoka.
Kopo la rangi limejaa, nimelimwaga dirishani.
Jina la karani tumeliweka katika shukrani, herufi mbili vilevile,
hakutupa zaidi.
Sukari nilisahau kununua.

Naye ameandika tena, kabla ya adhana:
"Nimeiona. Ahsanteni. Swali dogo.
Kontena lililoshuka *usiku wa Ijumaa*,
nilitafute katika Alhamisi au katika Ijumaa?
Siku yenu inaanza magharibi au usiku wa manane?"

Mama angemjibu bila kugeuka.
Sisi, naona,
tutafika Shaabani nyingine.