Asilimia Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kupunguza moja.
Karata yenye meno matano naipa manne,
yenye bei ya mbili naipandisha tatu,
kisha nakunywa kahawa na kutazama
watu laki tatu wakihama
kama kundi lililosikia mbiu.

Ghorofa ya nne, Tampere, mwezi wa Januari,
saa tisa mchana jua limeshafunga duka.
Jedwali linasema: kati ya michezo kumi
saba ni Joka Jekundu kwa Joka Jekundu,
karata thelathini zilezile, mpangilio uleule,
mtu na kioo chake wakitupiana moto.
Mmoja alizipanga Jumatatu usiku huko Busan,
Jumanne asubuhi dunia nzima imevaa sare.

Nilipunguza moto. Wakahamia barafu.
Nikapunguza barafu. Siku mbili tu,
nikaambiwa kuna mfalme mpya, Chura wa Chuma.
Basi ndiyo kazi: nafukuza nzi
kutoka mdomo wa mtungi huu hadi ule.

Lakini kuna huyu.
Jina lake mchezoni ni Bundi wa Zamu.
Kila usiku, baina ya saa nane na saa tisa,
anaingia chumba cha pembeni, kisicho na ngazi wala medali,
na ndege watupu:
kurumbiza, korongo, na yule bata kilema
niliyemtunga mwaka wangu wa kwanza,
kabla sijapata akili ya hesabu.
Ukimtupa Bata mezani, mbadilishane
karata zote mlizoshika.
Hakuna anayemtumia. Hana faida.
Bundi anao wawili.

Ushindi wake: asilimia thelathini na moja.
Michezo aliyoikimbia kwa hasira: sifuri.

Jumatano, kikaoni, Tellervo wa mapato akatuonyesha mchoro:
chumba cha pembeni kinakula umeme, hakizai.
"Tukifunge," akasema, bila ubaya,
kama mtu anayezima taa ya chooni.
Vichwa vikaitika.
Nikatafuta hesabu ya kumjibu,
nikakuta hesabu zote ziko upande wake.

Usiku ule nikapanga karata bila kutazama jedwali:
mapishi matupu. Supu, mkate wa shayiri, mwiko,
na bibi mwenye hasira anayefagia meza.
Nikaona haya, kama mwalimu aliyefumaniwa akiruka kamba.
Saa nane na robo. Bundi alikuwepo.

Sijui kama umewahi kuona bata akinywa supu.
Mzunguko wa sita akamtupa,
zangu zikaenda kwake, zake zikaja kwangu,
nikajikuta nimeshika korongo watatu nisiojua kuwarusha,
naye huko aliko kashika mwiko.
Tukasita. Sekunde zikahesabiwa.
Akatuma kile kikatuni cha kucheka,
nikatuma changu,
akanimaliza kwa mkate wangu mwenyewe.

Mchezo ukiisha, kuna nafasi ndogo ya maneno.
Akaandika:
Asante. Hapa wodini wamelala wote
isipokuwa mzee wa kitanda cha saba.
Yeye ndiye anayechagua ndege, mimi nabonyeza tu.
Hapendi kushinda upesi. Anasema
akishinda nitarudi kwenye mafaili yangu.

Nilikaa na koti langu mapajani
hadi tramu ya kwanza ikapita chini, tupu, imewaka.

Hesabu ya kumpa Tellervo sijaipata bado.
Nimepewa hadi Machi.
Kwenye jedwali nimeongeza safu moja isiyo na kichwa,
naijaza kwa mkono:
leo, mtu wa Lima ameshinda kwa karata za viatu;
jana, wawili walikubaliana kutoshambuliana,
wakajenga meza nzima ya maua
mpaka muda ukawaishia.

Bata sijamgusa.
Meno mawili, bei nne.
Nimemwachia ubovu wake wote.