Makufuli ya Soya

Mashine yangu haiulizi kitu.
Unamimina, inasaga, unalipa, unaenda.
Miaka kumi na mmoja hapa Kadutu
nyusi zangu zimeota mvi za unga
na pua yangu imejifunza kusoma:
muhogo uliotolewa majini kabla ya siku zake,
mahindi yaliyolala na panya,
na soya mbichi, ile harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi.

Mama Murhula aliniletea hiyo mbichi.
Mara ya kwanza nilinyamaza. Mteja ni mteja.
Mara ya pili nilinyamaza tena.
Mara ya tatu Murhula alikuwa mgongoni,
nywele rangi ya kutu,
miguu imeumuka kama mikate.
Na anakula, mama yake akasema, anakula vizuri!
Vikombe viwili vya uji asubuhi, kimoja jioni.
Vinaenda wapi, Baba Cishugi?

Nilijua vinakoenda.
Muuguzi wa kituo cha lishe alinieleza siku moja
akisubiri umeme urudi, ameketi juu ya gunia:
tumboni mwa mtoto kuna mafundi wenye mikasi,
vimeng'enya, wadogo kuliko vumbi hili,
kazi yao kuikata protini
vipande, vipande,
mpaka damu iweze kuibeba.
Soya inakuja na makufuli yake.
Ikiliwa mbichi, kila kufuli linatafuta mkasi wake,
linaubana mdomo.
Kongosho linatoa mikasi mingine. Inabanwa.
Linatoa mingine.
Mtoto anashiba, mwili unalala njaa.

Wala usiichukie, alisema.
Soya nayo ni mama.
Ndani ya kila punje amelaza mche mchanga,
na kufuli aliliweka kwa ajili ya mdudu.
Murhula hakumfikiria.

Nikazima moteri.
Foleni nzima ikageuka, kimya kiliwashtua.
Mama Murhula, hii hukuikaanga.
Akatazama kandambili zake.
Makala, akasema.
Neno moja tu.
Nikalielewa lote: kopo la makala kwa bei ya kopo la soya,
na nani anunue moto aache chakula?
Hata kwangu tunahesabu hivyo hivyo.

Sasa kuna jiko mlangoni.
Tunachoma vumbi la mbao la maseremala wa jirani,
kikaango kimoja, mwiko mmoja, kwa zamu,
wengine wananuna, wengine wamehamia kwa msagishaji wa juu.
Punje zinapasuka, zinakuwa kahawia,
harufu ya njugu inapanda ngazi za soko.
Kufuli hili halina ufunguo. Lina moto.

Kila Jumatano Mama Murhula anapita.
Kabla sijapima gunia namshika mtoto mguu,
nabonyeza kwa dole gumba kama nilivyofundishwa:
shimo linabaki,
unga wangu ndani yake.
Nahesabu mpaka lijae.
Wiki iliyopita, arobaini.
Leo thelathini na moja.