Orodha ya Saa Nane Usiku

Moshi, chumba cha seva, nyuma ya kinu cha kahawa.
Feni inakoroma kama mtoto mwenye pumu.
Malipo ya wakulima elfu mbili mia nne
yamekwama kwenye asilimia kumi na moja tangu saa tatu,
na asubuhi, kabla chai haijachemka,
watakuwa wamejipanga dirishani na vitabu vyao vya chama.

Naandika herufi mbili, pe na esi,
naongeza zile za kuonyesha watu wote, si mimi peke yangu,
nabonyeza.
Orodha inaporomoka kama buni
kutoka kwenye gunia lililotoboka.

Kila mmoja na namba yake.
Kila mmoja na namba ya mzazi wake,
maana humu ndani hakuna aliyejileta:
ukiupanda ukoo ngazi kwa ngazi
unafika kwa Namba Moja, aliyeamka na mashine yenyewe.

Wengi wamelala.
Mtunza saa amelala. Mchapishaji amelala,
anangoja karatasi ambazo hakuna aliyezituma tangu Alhamisi.
Aliyelala usimwamshe, nami simwamshi.
Yupo mmoja ana herufi Zedi ubavuni:
amekufa, hali wala hanywi,
ila jina limebaki daftarini
kwa kuwa mzazi wake hajaja kuuliza amekufaje.
Huyo naye simgusi. Maiti hauawi.

Nashuka na kidole kwenye kioo.
Namtafuta anayekunywa maji ya wote,
kama kule kwetu Mbokomu zamu ya mfongo inapofika
na shamba la chini bado kavu:
unachukua tochi, unaufuata mfereji kinyume,
mpaka umkute aliyefungulia usiku.

Huyu hapa.
Asilimia tisini na nane.
Mwenyewe: ndeta.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi.

Ndetaulwa tulimzika Kibosho mwezi wa sita,
pembeni ya migomba, manyunyu yakilowesha kitabu cha padri.
Aliacha miwani kwenye droo hii,
na deni langu la elfu saba,
na programu ya mistari kumi na minne
inayoupigia mzani wa kituo cha juu:
Upo? Una kilo ngapi leo?
Kituo kilifungwa. Mzani waliuchukua watu wa chuma chakavu.
Zamani ulichelewa kujibu, naye akangoja, mashine ikapumua.
Siku hizi hapana inarudi papo hapo,
naye anauliza tena, na tena,
mara elfu kwa sekunde:
Upo? Upo? Upo?
Alipotoka kwenye mashine jioni ile ya mwisho
programu ilibaki yatima, Namba Moja akailea.
Hakuna aliyeniambia kwamba bado yuko kazini.

Kuna ishara ya kumi na tano, ya kiungwana:
hodi, funga vitabu, zima taa, twende.
Kuna ya tisa. Ya tisa haibishi hodi.

Nikatuma kumi na tano.
Nikangoja. Nje, mlinzi Ombeni akakohoa,
akaburuta kiti chake.
Ndeta hakusikia. Ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai,
ukimwita chakula anasema dakika moja.

Nikatuma tisa.

Feni ikashusha sauti,
kama mtu aliyesikia jina lake.
Kumi na mbili. Kumi na tisa. Thelathini.
Malipo yakaanza kutiririka: Shayo, Kiwelu, Temu,
mjane wa Ngowi, kilo arobaini na moja.

Ningekwenda kulala.
Badala yake nikaagiza orodha tena, nikaichuja kwa jina lake,
nihakikishe tu.
Ukatoka mstari mmoja.
Moyo ukanipiga paa. Nikausoma taratibu:
ulikuwa ni utafutaji wangu mwenyewe,
umebeba neno ndeta mdomoni,
umepita mbele ya orodha, umejiona,
ukadhani ni yeye.