Mashine ya Munira

Sanduku lilipofika, tulilifungua sote,
Limetoka Amerika, mihuri i pande zote,
Ndani mashine nyekundu, haina doa popote,
Ya kukanda mahamri, ikishiba tu umeme.

Munira ameandika, "Mama, pumzisha mikono,
Miaka yako sitini, na chakuuma kiuno,
Tia unga, tia tui, bonyeza, funga maneno,
Kazi ya alfajiri, uuachie umeme."

Waya ukaja na meno, mawili, si kama yetu,
Soketi ya ukutani, matundu yake matatu,
Nikashuka Marikiti, nikawauliza watu,
Nikauziwa adapta: "Hupatanisha umeme."

Nami ndimi pale kwetu, mjuzi wa hizi nyaya,
Nishafunga taa tatu, na feni iliyopwaya,
Kuuliza si ujinga, ila niliona haya,
Nikasema, "Bismillahi," nikauwasha umeme.

Ikavuma kama nyuki, mzinga ukivamiwa,
Unga ukapanda juu, kuta nyeupe zikawa,
Mama akacheka sana, "Wa ng'ambo wamejaliwa!"
Kisha moshi wa mpira, ukakatika umeme.

Ghorofa nzima gizani, kukazuka makelele,
Bi Zuwena wa samaki, "Nani amezima pale?
Friji langu lina ngisi, wa harusi, kilo tele!"
Nami kimya nimeshika, waya mfu wa umeme.

Nikaibeba kwa fundi, Awadhi, Mwembe Tayari,
Miwani kafunga uzi, meza tele misumari,
Akanusa, kageuza, akaisoma nambari:
"Mia na ishirini tu, ndio wa kwao umeme.

"Wetu ni wa maradufu, husukuma, husukuma,
Adapta ni meno tupu, tumboni haina chuma,
Dawa yake ni moja tu, ungenunua transfoma,
Hiyo ndiyo hupunguza, nusu nzima ya umeme.

"Wiki hii we wa nne," akanionyesha rafu,
"Kikausha nywele kimo, cha bi harusi nadhifu,
Na mashine za kinyozi, za Japani, zote wafu,
Haya ndiyo makaburi, ya waloshiba umeme."

Nikakumbuka Munira, alipohama na pasi,
Ya mama, nzito ya chuma, ya kunyoshea libasi,
Kule, akapiga simu, "Haipati moto, basi!
Vuguvugu kutwa nzima, na imetiwa umeme."

Chao kwetu chaungua, chetu kwao kinapoa.
"Mota yake ishakwisha, siwezi kuiokoa."
Hakunitoza shilingi, neno moja akatoa:
"Mwanangu, soma kitako, ndipo uwashe umeme."

Mama hakunigombeza, akaipangusa ndani,
Ikakaa kabatini, katikati ya sahani,
Majirani wakasifu, "Munira hana kifani!"
Naye akaitikia, bila kutaja umeme.

Ikalia simu yake, "Mama, mashine yendaje?"
"Yaenda vyema, mwanangu, nitakushukuru vije?"
Simu begani kabana, na unga aukanda nje,
Kila ngumi yatamka, kwamba hapana umeme.

Akanyamaza Munira, kitambo, kisha kanena:
"Pasi yako, mama, kwangu, yanyosha vizuri sana,
Kanzu zote za watoto, nilizipigia jana."
Wakaagana kwa dua, kila mtu na umeme.

Siku hizi saa kumi, mji haujaamka,
Nanawa hadi viwiko, mama kando ninamweka,
Nakanda kwa ngumi mbili, unga ukilainika,
"Taratibu," huniasa, "punguza huo umeme."