Benchi la Watu Sita

Mwaka ule wa vita, New Jersey ikiwa imeganda,
karani wa wilaya aliingia karakanani kwangu
na kamba yenye mafundo mawili.
"Urefu ni huu," akasema. "Benchi la baraza la waamuzi. Watu sita."
Nikadhani ulimi umemteleza.
Babu yangu alichonga la watu kumi na wawili,
baba akalitia miguu mipya,
nami utotoni nililipaka nta kabla ya kila kikao,
nikihesabu mabonde yaliyochimbwa na makalio ya majirani.
"Bunge limepitisha," karani akajibu. "Sita wanatosha.
Vita havina subira."

Mimi ni seremala. Ukinipa kipimo, nakata.
Upande wa pili wa msumeno alishika Quaco,
mtumwa wa jirani yangu Voorhis.
Nilimkodi kwa siku. Ujira alipokea Voorhis.

Wa kwanza kusimama mbele ya benchi hilo
alikuwa Femmetje Terhune, mjane wa mwoka mikate:
jora la hariri, ratili nne za chai,
na tuhuma kwamba vimevuka mto kutoka kwa adui.
Sita wakaketi. Sita wakanong'onezana.
Mshumaa haujapungua hata ukucha,
hariri ikawa mali ya aliyeikamata.

Femmetje hakulia. Alinyoosha kidole akahesabu:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Kisha akaendelea, akihesabu hewa,
saba, nane, tisa,
mpaka kidole kikafika ukutani.
"Na hawa," akauliza, "wako wapi?"

Swali likapanda gari la farasi hadi mahakama ya juu.
Majaji watatu wakakaa nalo
theluji ikayeyuka, ikarudi.
Mhunzi Ackerson alikuwa akitema mate kila akilisikia.
"Bunge ni sisi! Tulilichagua kwa mikono hii.
Hao wazee watatu walipigiwa kura na nani,
hata wafute kauli yetu?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo hoja yake
hunichoma usiku kama kibanzi chini ya ukucha.

Ila najua jambo moja la kazi yangu.
Ukutani imetundikwa fito ya chuma, futi tatu,
aliyoiacha babu.
Rula zote hupimwa kwayo.
Rula ikipinda kwa unyevu
hatuikati fito ili ifanane nayo.
Rula huenda motoni.

Jaji mkubwa alisoma hukumu kwa sauti ya mafua.
Katiba iliapa kwamba baraza litabaki kama lilivyokuwa,
na siku ya kiapo lilikuwa la watu kumi na wawili.
Bunge limezaliwa na Katiba; mtoto hamzai mamaye.
Kwa hiyo sheria ya sita si sheria.
Hakupiga meza. Alipenga kamasi, akaagiza chai,
na mtu mmoja nyuma ya ukumbi akacheka peke yake.

Karani akarudi na kamba ndefu, hanitazami usoni.
Sikuchonga jipya. Niliamua kuunga,
ili kovu lionekane.

Quaco akashika upande wake wa msumeno.
Vumbi likamtua kopeni.
"Bwana Teunis," akasema, "hiyo karatasi inayoshinda sheria,
imeisoma na ile inayoniita mali?"

Msumeno ukasimama katikati ya mti.
Niliitazama fito ya babu.
Niliitazama muda mrefu, kama mtu aliyesahau kusoma namba.
Kisha nikasema, "Vuta."

Akavuta.
Mwaloni ule ulikuwa mkavu kama mfupa.
Tuliumaliza gizani.