Kulabu

Kulabu niliishika,
moto ulipotufika,
makuti yakaanguka
usiku, kule Langoni.

Ulianza kwa Shekuwe,
upepo ukawa mwewe,
wakapatwa na kiwewe
wenye ndoo kisimani.

Mbele yetu yamepangwa,
kama shanga zilotungwa,
kwa makuti yalojengwa,
mapaa arobaini.

Kati, nani asahau?
Kwa Bi Zena wa Famau,
mkunga; kenda kwa dau
kuzalisha Matondoni.

Mohadhi akahesabu:
“Mmoja apate tabu,
wengi wapone. Kulabu!
Vuta, unangoja nini?”

Nikavuta. Likashuka
paa zima; likazika
cherehani na mashuka,
majina ya kitabuni.

Kila aliyepokewa
naye, jina lilitiwa,
saa ikaongezewa;
hata mimi nimo ndani.

Kisha upepo mbishi
ukageuka na moshi;
moto, bila ya utashi,
ukazimikia pwani.

Je, waliponea kwetu,
au upepo, si mtu?
Mohadhi: “Hukumu yetu
ni kwa tulilobaini.”

Raha, asema, ni fungu
hupimwa; chozi la kwangu
halizidi la Mzungu,
la punda wala jirani.

Kama ni hivyo, na vyumba
vyangu viwili vya nyumba?
Kimoja naweka pamba;
Zena alala shuleni.

Akageuza: “Tuweke
kanuni; kila ufike
moto, nyumba ianguke
ya mwisho, ya ukingoni.”

Ukingoni hujengea
wasona wa kutetea,
wageni walolowea,
si tajiri Mkomani.

Zena karudi, na kama
mgeni akasimama,
kisha kwangu katazama,
kulabu i mkononi.

Kanena: “Mngeniita,
ningekuja, nikavuta
mwenyewe bila kusita.
Mlinipima kwa nini?”

Wakati haukuwapo,
najua; na hapo ndipo
panaponishinda, japo
wengi wamo majumbani.

Jioni nasikiliza
watoto wao wacheza,
siwezi kuwapuuza,
wala sitaki. Lakini

pamba nimeiondoa,
kufuli nikaitoa.
“Acha moyo utapoa,”
asema kule shuleni.

Aandika upya sasa,
kwa kalamu ya darasa,
majina, kwenye kurasa.
Langu? Nimwulize nani?