Ukuta wa Nne

Nyumba yetu ya Mabatini ina kuta tatu za tofali.
Wa nne hatukuujenga, tuliukuta:
jiwe lililoutangulia mji.
Baba akaliegemeza chumba, akacheka,
tumeokoa mifuko kumi ya saruji.

Msumari hauingii. Nimepinda mingapi!
Kila picha niliyochora ililala chini,
uso ukutani, kama mtoto aliyenuna:
twiga, twiga, tembo, mlima wenye theluji,
oda za duka la Barabara ya Makongoro.
Na mimi twiga namjua
kwa mfuko wa saruji tu.

Usiku huo sikupata maono.
Niliamka kukojoa.
Umeme hakuna, nikawasha kibatari,
na jiwe lilikuwa limeanza kutoka jasho,
kawaida yake ikikaribia alfajiri,
jasho likishuka njia ileile:
linapita kwenye ukoga wa kijivu,
linazunguka masizi ya mama
(alipikia humu mvua zikizidi),
linagusa gamba la sato
lililonata tangu sikukuu ipi sijui,
linafika kwenye vistari vya mkaa.
Huu urefu wangu. Huu wa mdogo wangu Sumbuka.
Wangu umepanda hadi juu ya mlango.
Wake umeishia kiunoni pangu,
haukupanda tena.

Miaka thelathini na mmoja
nimelala nimeupa mgongo.

Dirisha lilizibwa kwa mfuko mtupu wa saruji.
Nikauchomoa, nikauchana, nikautandaza sakafuni.
Baridi ya ziwa ikaingia,
na honi ya kivuko cha Kamanga, na shombo.
Mkaa nikautoa jikoni.
Weusi, kidole juu ya moshi wa kibatari.
Kijivu, majivu
na maji ya ndoo niliyoipandisha jana
mawe kwa mawe, nikiyalaani moja moja.
Mng'ao wa gamba sikuuweza,
nikalibandua, nikalibandika lenyewe.

Kulipokucha akaja Nyanjige kuomba kiberiti.
Akatazama karatasi, akatazama jiwe,
akaweka kidole kwenye vistari vitatu vya pembeni:
"Hivi ni visado vyangu vya dagaa.
Nililipa! Mwaka ule wa mafuriko, nililipa.
Mama yako alisahau kufuta. Futa."

Nikafuta jiweni, mkaa ukagoma.
Nikafuta karatasini, kwa kiganja,
pakabaki doa la rangi
ambayo sijawahi kuiona kwenye kopo.
Nyanjige akaridhika, akaondoka.
Kiberiti alikisahau.

Saa nne dukani wakapiga simu:
twiga wetu wako wapi?
Nikajibu, wamekwenda kunywa maji.

Mambo mengine yote yamekubali.
Nahangaika na Sumbuka tu.
Mkono unataka kumwongeza inchi moja,
inchi moja tu, nani atajua,
nageuka,
jiwe linanitazama.